Kumfuata Ng'olaga: Kutoka Dar es Salaam Hadi Udzungwa, Wiki ya Nanenane

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani Tabata, nikitumia daftari dogo lililolowa jasho na picha za simu ambazo nyingi zinaonyesha majani kuliko wanyama.

Julai: maandalizi

Mkazi wa Dar es Salaam akisema anakwenda mbugani, wanaomsikiliza hupata picha ya gari lililofunuliwa paa na simba aliyelala chini ya mti. Mimi nilitaka safari ya namna nyingine: kumwona mnyama ambaye ukimkosa pale ulipomfuata, humpati porini mahali pengine popote duniani. Wanyama wa aina hiyo wapo karibu nasi kuliko watu wengi wanavyodhani. Yuko kima punju wa Unguja, ambaye kwa kumfikia katika msitu wa Jozani boti ya asubuhi na daladala vinatosha. Wako vyura wa Kihansi, wanaotajwa kwenye mijadala mara nyingi kuliko wanavyoonwa, ambao makazi yao ya asili yalikuwa manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi peke yake, wakatangazwa kutoweka porini mwaka 2009, kisha wakaanza kurejeshwa mwaka 2012 kutoka katika bustani za wanyama za Marekani walikozalishwa. Korongo lao, hata hivyo, si mahali pa kujiendea tu na begi mgongoni. Yuko pia kipunji, tumbili aliyetambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, anayeishi katika misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone na katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Kumfuata huyo kunataka mahema, wapagazi na likizo ambayo mwajiri wangu hawezi kunipa.

Nikamchagua ng'olaga, nyani wa msituni wa Milima ya Udzungwa. Wenyeji wa bonde la Kilombero walimjua kwa jina hilo tangu zamani, lakini kwa wanasayansi alianza kujulikana mwaka 1979, pale watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walipokuwa wakifanya kazi karibu na maporomoko ya Sanje. Homewood alikuwa amekwisha kuchunguza jamaa wa nyani huyu kando ya Mto Tana nchini Kenya, na kwa hiyo aliposikia mlio wake msituni aliutambua mara moja, ingawa hakuna aliyetegemea kuusikia katika milima hiyo.

Jambo ambalo ningependa kila anayepanga safari kama hii alishike mapema ni kwamba mnyama wa namna hii hutafutwa kwa jina la msitu, na jina la hifadhi huja baadaye. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990, na ng'olaga hayuko kila mahali ndani yake. Anaishi katika misitu miwili tu: Mwanihana, ulio upande wa mashariki wa hifadhi, na ule wa Uzungwa Scarp, ulio kusini zaidi na nje ya mipaka ya hifadhi. Ukiingilia upande wa magharibi unaweza kutembea wiki nzima katika hifadhi hiyo hiyo usimsikie hata mara moja. Sababu ni historia ya milima yenyewe. Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya, ambao hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi na ambao misitu yake imekaa imetengana kwa mamilioni ya miaka, kila mmoja ukilea viumbe wake kama kisiwa.

Kwa hiyo nilipiga simu ofisi ya hifadhi Mang'ula nikauliza mambo matatu: kama kundi la ng'olaga lililozoeshwa watu na watafiti linafuatiliwa kwa siku hizo, msafara huondoka saa ngapi, na kama mwongozaji anaweza kupangwa mapema. Nilijibiwa yote kwa upole, pamoja na onyo kwamba malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipia kwa benki au kwa simu. Nilichagua Agosti kwa sababu masika huwa yamekwisha na njia za mlimani zimekauka, na sikukuu ya Nanenane ilikuwa imeangukia Ijumaa.

Mpwa wangu anayesoma mambo ya wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Sokoine aliposikia, alitangaza kwamba anakuja, akanitumia orodha ya vitu vya kubeba: suruali ndefu, soksi ndefu za kuingizia suruali ndani kwa sababu ya kupe na siafu, viatu vyenye soli ya kashata isiyoteleza, darubini kama ninayo, dawa ya mbu. "Na shati jekundu la timu yako uliache nyumbani, mjomba," aliongeza.

Alhamisi, 7 Agosti: Dar hadi Mang'ula

Treni ya umeme ya asubuhi kutoka Dar hadi Morogoro, daraja la kawaida, nauli Sh 13,000. Tiketi nilikata kwa mtandao siku kadhaa kabla, na ninamshauri kila msafiri wa wiki za sikukuu afanye hivyo, kwa maana pale stesheni niliwaona watu wakirudishwa. Fika mapema, uwe na kitambulisho, na usibebe mizigo ya kuhamia. Zaidi ya hapo hakuna la kusimulia: usingizi ulinichukua Pugu, nikaamshwa na Milima ya Uluguru dirishani.

Kutoka stesheni bajaji ilinifikisha stendi ya Msamvu kwa Sh 5,000, na hapo ndipo siku ilipoanza kwenda kombo. Maonesho ya Nanenane ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro, na nusu ya wakazi wa Kilombero walionekana kuwa wamekuja kuyaona na sasa wanarudi kwao. Basi la kwanza la Ifakara lilijaa mbele ya macho yetu. La pili lilijaa wapiga debe wakiwa bado wanaita abiria. Mpwa wangu alikuwa amefika na chupa ya chai na maandazi, tukala tumekaa juu ya mabegi hadi saa nane mchana, tulipopata viti viwili vya nyuma kabisa kwa Sh 14,000 kila mmoja.

Jirani yetu kwenye kiti alikuwa bibi mmoja wa Mang'ula aliyepakata boksi la vifaranga kutoka maonesho. Lilikuwa limetobolewa matundu kwa bisibisi, na kila basi lilipokanyaga tuta, vidomo vilichomoza kwenye matundu na kelele zikapanda. Bibi alikuwa akiinama na kuwaambia, kwa utulivu kabisa, kwamba ni tuta tu. Tulipoingia Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hupita katikati ya wanyama kwa kilometa 50, dereva alipunguza mwendo kama sheria inavyotaka, tukawaona twiga, nyumbu na tembo wachache kwa nauli ya basi. Huenda haya ndiyo matembezi ya mbugani yenye bei nafuu kuliko yote nchini, ila ukae upande wenye dirisha linalofunguka.

Mikumi mjini basi huacha barabara ya Iringa na kukata kushoto kuelekea Kidatu. Karibu na Kidatu gurudumu lilipasuka, na spea ikaonekana kuwa na hali mbaya kuliko lile lililopasuka. Saa moja na nusu tulisimama kando ya mashamba ya miwa huku mwanga ukipungua. Ulikuwa msimu wa mavuno, na shamba moja upande wa pili lilikuwa limechomwa ili miwa ikatwe. Majivu yake meusi, membamba na marefu kama nyuzi, yalishuka polepole juu ya mabega ya watu, na ukiyagusa yanabaki mstari kwenye nguo. Vijana wa kijiji kilichokuwa karibu walikuja na jeki yao bila kuitwa, wakasaidiana na kondakta, na walipopewa fedha walichukua ya soda tu.

Tulivuka Ruaha Mkuu gizani na kufika Mang'ula yapata saa tatu usiku. Bibi wa vifaranga alikuwa amekwisha kuniuliza tunalala wapi, na nilipomwambia tutaangalia tukifika, alitikisa kichwa. "Mwanangu, usiku huu, tena na binti? Ngoja." Alimpigia mwenye nyumba ya wageni anayemfahamu, akatuwekea vyumba viwili, kisha akamtuma mjukuu wake aliyekuja kumpokea atufikishe hadi mlangoni kwanza, yeye na boksi lake wakisubiri kituoni. Chumba Sh 25,000, safi, chenye chandarua kisicho na tundu. Chandarua kiangalieni kabla ya kulipa. Bonde la Kilombero lina mbu wengi na malaria.

Ijumaa, 8 Agosti: msitu wa Mwanihana

Supu na chapati saa kumi na mbili asubuhi kwa mama lishe aliye karibu na barabara, Sh 3,000 kwa mtu. Lango la hifadhi liko mwendo mfupi kwa miguu. Kiingilio cha Watanzania wawili pamoja na ada ya mwongozaji havikufika Sh 50,000, nami naona aibu kidogo kukumbuka kiasi tunachotumia Dar kwa jioni moja ya nyama choma.

Udzungwa hakuna barabara za magari ndani ya msitu. Kila kitu ni kwa miguu, na hilo pekee huchuja wageni. Mwongozaji wetu, kijana mpole mwenye redio ya mkononi, alituuliza kwanza kama kuna mwenye mafua au kikohozi, kwa sababu magonjwa yetu huwapata hawa wanyama kwa urahisi. Kisha akatueleza masharti: hakuna kula karibu nao, hakuna kuwakaribia wao wasipotukaribia, na tukiambiwa tusimame, tusimame. Wafuatiliaji walikuwa wametangulia alfajiri mahali kundi lilipolala.

Tulipanda kwa muda wa saa mbili hivi. Mpwa wangu alitembea akisoma msitu kwa sauti ya chini: hapa nguruwe wamechimba, hiki ni kinyesi cha tembo wa juzi. Mara moja kitu kilikimbia majanini kikipiga kishindo cha haraka, akanishika mkono: "Sange, mjomba." Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, lakini mimi sikukiona kitu. Udzungwa kuna sange wa aina yake, mwenye uso wa kijivu, aliyetambulishwa mwaka 2008 na ambaye ndiye mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, lakini yule makazi yake ni misitu ya ndani zaidi. Huyu wetu alikuwa wa aina nyingine, na mpwa wangu alikataa kata kata niandike vinginevyo.

Kwanza tuliwaona mbega wekundu, wa jamii ya Udzungwa, ambao nao hawapatikani nje ya milima hii na misitu ya jirani kama Magombera. Walikuwa juu kabisa, mikia imening'inia, utosi mwekundu ukiwaka jua linapopenya. Mwongozaji alituonyesha kwa darubini mkono wa mmoja wao: vidole vinne virefu na gumba lisiloonekana. Mbega hushika matawi kwa kuyakulabu, na hutafuna majani machanga ambayo tumbo lake lenye vyumba huyachachusha taratibu. Ndiyo maana nusu ya kundi lilikuwa limekaa tu, na matumbo yametuna.

Kisha mlio. Unaanza kwa sauti moja ndefu inayopanda, unakatika, kimya cha pumzi moja, halafu unashuka mfululizo wa sauti fupi fupi za kooni zinazoviringika hadi bondeni. Mwongozaji alitabasamu bila kugeuka. Dume la ng'olaga linatangaza lilipo.

Tuliwakuta ardhini. Hili ndilo lililonishangaza, maana shingo yangu ilikuwa imezoea kutazama juu. Ng'olaga hutumia sehemu kubwa ya siku chini, akitafuta mbegu, uyoga na wadudu, na kundi zima lilikuwa limetawanyika kwenye mteremko likifukua majani makavu kwa mikono miwili kama wanawake wanaochambua mchele. Jike moja lilikuwa mita chache kutoka mguuni kwangu. Manyoya ya kijivu mgongoni, kifua cha rangi ya chungwa lililoanza kuiva, nywele za utosini zimesimama. Lilichukua mbegu, likaigeuza mara mbili, likainusa, likaitia kinywani, nikasikia ikipasuka. Mataya yao yana nguvu za kuvunja mbegu ambazo wanyama wengine huziacha. Nyingine liliisukumia shavuni, kwenye mfuko wa kuhifadhia, hadi shavu likavimba upande mmoja. Mtoto aliyelishikilia tumboni alitutazama muda wote kwa masikio yaliyosimama. Lilipoinua macho na kunikuta nimelikodolea, lilishusha kope za juu, nyeupe kuliko uso, likanionyesha mara moja, na mwongozaji akaninong'oneza nitazame pembeni.

Tulikaa nao chini ya saa moja. Sikupiga picha nyingi. Msitu ni mweusi, na simu yangu iligeuza kila kitu kuwa ukungu wa kijani. Anayetaka picha nzuri abebe kamera inayoona gizani, au aridhike kutazama.

Jioni tulichukua boda boda kuelekea upande wa Ifakara kuona ushoroba wa tembo, njia inayounganisha Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere kupitia katikati ya mashamba ya watu. Barabara ya lami imejengewa kivuko cha chini ili tembo wapite bila kukutana na malori. Hakukuwa na tembo. Kulikuwa na nyayo, na mzee mwenye shamba la mpunga aliyetueleza kwa kirefu miaka aliyolala shambani akipiga madebe usiku kuyafukuza "haya majitu," kama alivyowaita, huku akiyasifia ukubwa wake.

Jumamosi, 9 Agosti: Sanje

Njia ya maporomoko ya Sanje huanzia kijiji cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula, na usafiri wa kwenda huko unajitegemea. Bajaji ilitudai Sh 20,000 kwenda, kungoja na kurudi, nikaona ni haki. Maji huanguka kwa ngazi tatu, jumla ya meta 170 hivi. Kupanda ni kwa jasho lakini si kwa hatari, na anayeweza kupanda ngazi za ghorofa ya kumi bila kuapa atafika. Juu unaliona bonde zima la Kilombero: mraba wa miwa, mraba wa mpunga, na mstari wa msitu unaokatika ghafla pale mashamba yanapoanza. Kutoka pale hauhitaji mtaalamu kukueleza kwa nini mnyama anayeishi katika misitu miwili tu amekaa pabaya.

Chini tulikula wali wa Kilombero na perege wa kukaanga, Sh 5,000, kwa mama aliyepikia pumba za mpunga kwenye jiko la bati. Tangu mwaka 2011 wanavijiji hawaruhusiwi kuokota kuni ndani ya hifadhi. Nilimuuliza anaionaje hali hiyo. Alisema mwanzoni walilaani sana, kwa sababu kuni za kununua zinakula faida, na hata sasa pumba zinataka mtu wa kukaa nazo zisizimike. Ila visima vya kijiji chao vinategemea mito inayotoka humo, na hilo wanalijua kuliko sisi wa mjini. Kisha akaniongezea kipande cha samaki bila kunidai.

Kwa watakaopata siku moja zaidi: msitu wa Magombera, uliopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019, uko bondeni upande wa pili wa barabara. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali chake si kile cha hifadhi ya taifa. Huko ndiko alikopatikana kinyonga aliyepewa jina la msitu huo na kutambulishwa mwaka 2009. Kinyonga hutafutwa usiku kwa tochi, maana akilala juu ya kijiti rangi yake hufifia na huonekana kirahisi, na hilo halipangiki kwa kufika jioni na kuuliza.

Jumapili, 10 Agosti: kurudi

Basi la moja kwa moja la Ifakara kwenda Dar lilitupitia Mang'ula saa mbili asubuhi, nauli Sh 30,000. Mpwa wangu aliteremka Msamvu akiwa na kilo tano za mchele kwa ajili ya wenzake wa bwenini, akanikabidhi daftari lake nikanakili majina ya miti. Morogoro hadi Chalinze ni foleni ya malori, na Chalinze hadi Mbezi ni foleni nyingine.

Kwa mahesabu yangu, usafiri, malazi, chakula, viingilio na waongozaji kwa watu wawili vilikuja karibu Sh 400,000, bila kuhesabu mchele. Ningekuwa na nafasi ya kupanga upya, usiku wa Alhamisi ningelala Morogoro, niondoke Msamvu na basi la kwanza la Ijumaa, na ng'olaga nimweke Jumamosi, ili gurudumu likipasuka tena Kidatu lisile siku ya msituni. Wiki ya Nanenane nyumba za wageni za Morogoro hujaa, kwa hiyo chumba kiwekwe wiki mbili kabla, na ofisi ya Mang'ula ipigiwe simu tena siku moja kabla ya kuondoka, kwa kuwa kundi huhama na kuna asubuhi ambazo wafuatiliaji hulipata mbali mno kwa mgeni kulifikia.